Chokoleti ya York na Jasho la Vibarua



Katika maduka ya Tabora mjini, mwenye fedha aweza leo kununua kipande cha chokoleti. Ni kitu cha anasa. Jua letu la mwezi wa Oktoba hukiyeyusha kabla hakijafika nyumbani, na wengi wa waamini wetu vijijini hawajapata kukionja. Kwa sababu hiyo huenda baadhi yenu mkashangaa kuona tahariri ya Haki na Amani, inayoandikwa hapa Kitete, ikitumia kurasa zake kusimulia habari za kiwanda cha chokoleti kilichoko Uingereza. Twaomba mtuvumilie. Habari hiyo inapita karibu sana na mlango wetu, tena inagusa jambo linalorudi katika vijiji vyetu kila msimu wa tumbaku.

Mji wenyewe unaitwa York. Ni mji wa kale ulio kaskazini mwa Uingereza, wenye ukuta wa mawe na kanisa kuu linaloonekana toka mbali. Ni mji mdogo: hata leo wakazi wake ni kama laki mbili, hali manispaa yetu ya Tabora ilikutwa na watu zaidi ya laki tatu katika sensa ya mwaka 2022. Huko York, mwaka 1725, mwanamke mmoja aitwaye Mary Tuke alifungua duka la vyakula, ingawa chama cha wafanyabiashara wa mji kilimsumbua kwa miaka kadhaa kwa kuwa hakuwa na kibali chao. Duka lile likarithiwa na jamaa zake, likaanza kusaga na kuuza kakao ya kunywa, na mwaka 1862 kazi hiyo ya kakao ikanunuliwa na kijana Henry Isaac Rowntree. Biashara haikumwendea vema. Mwaka 1869 kaka yake, Joseph, aliingia kumsaidia, na chini ya mkono wa Joseph karakana ile ya kando ya mto Ouse ikakua hata ikawa mojawapo ya viwanda vikubwa vya chokoleti katika Uingereza nzima.

Rowntree walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, ambao ndugu zetu wa Kenya magharibi wanawafahamu tangu walipofika Kaimosi mwaka 1902. Familia ya Cadbury kule Birmingham na familia ya Fry kule Bristol nazo zilikuwa za madhehebu hayo hayo. Marafiki walichukia vita, walichukia pombe, na mababu zao walikuwa mstari wa mbele katika kupinga biashara ya utumwa. Kikombe cha kakao ya moto walikiona kuwa ni badala njema ya bilauri ya ulevi inayomaliza mshahara wa baba wa nyumba.

Wala hawakuwa watu wa maneno matupu. Katika miaka ya 1890 Joseph Rowntree alijenga kiwanda kipya nje kidogo ya mji, mahali pa hewa safi na nafasi. Wafanyakazi walipata maktaba, daktari, na masomo kwa wasichana wadogo walioajiriwa. Tangu mwaka 1902 kikaanza kujengwa kijiji cha New Earswick, chenye nyumba nzuri na bustani, ili mtu wa kipato cha chini aweze kupanga pasipo kuishi katika uchafu. Mwaka 1906 kiwanda kikaanzisha malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi wake, wakati serikali yenyewe ilikuwa bado haijapitisha sheria ya namna hiyo.

Mtoto wa Joseph, jina lake Seebohm, alifanya jambo jingine ambalo wanafunzi wa elimu ya jamii hulisoma mpaka leo. Mwaka 1899 aliendesha uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wafanyakazi wa York. Familia 11,560 ziliandikwa, jumla ya watu 46,754. Akakokotoa ni fedha kiasi gani familia inahitaji ili miili yao ibaki na nguvu tu, bila gazeti, bila nauli, bila sadaka, bila toi la mtoto, na akapata kwamba baba, mama na watoto watatu walihitaji paundi moja, shilingi moja na peni nane kwa juma. Kisha akalinganisha kiasi hicho na mapato ya kila nyumba. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1901, Waingereza walishtuka kusoma kwamba katika mji wa York, katika nchi iliyotawala robo ya dunia, watu 27.84 katika kila mia walikuwa fukara. Tena wengi miongoni mwao hawakuwa wavivu wala walevi. Walikuwa watu wa kazi ambao mshahara wao haukutosha.

Twapenda kusema wazi kwamba kazi ile ilikuwa njema. Tajiri anayekwenda kuhesabu mikate ya maskini wa mji wake hapatikani kila siku. Lakini mti wa kakao hauoti York. Katika miaka ile ile ambayo Seebohm alikuwa akihesabu mikate, sehemu ya kakao iliyoingia katika kiwanda cha baba yake ilikuwa ikilimwa na watumwa.

Kakao hiyo ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa viwili vidogo vya Ghuba ya Guinea vilivyokuwa koloni la Ureno. Mti wa kakao uliletwa huko kutoka Brazil mwaka 1822, ukastawi sana katika udongo ule wa volkano, hata mwanzoni mwa karne ya ishirini visiwa hivyo vikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa kakao duniani. Mashamba makubwa yalihitaji mikono, na mikono ililetwa kwa meli kutoka Angola. Ureno ilikuwa imekwisha kufuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria za miaka ya 1870. Hivyo, kwenye karatasi, hapakuwa na mtumwa hata mmoja. Mtu aliyekamatwa au kununuliwa bara alifikishwa pwani, akasimamishwa mbele ya ofisa, na hapo ikaandikwa kwamba amekubali kwa hiari yake kufanya kazi kwa miaka mitano. Akavishwa kibati chenye namba shingoni, akaitwa mfanyakazi wa mkataba, akaingizwa melini. Miaka mitano ikiisha, mkataba uliandikwa tena. Mpaka wakati habari hizi zilipokuja juu Uingereza, hao waliotoka Angola walikuwa hawarudishwi kwao.

Hapa ndipo habari inapofika mlangoni petu.

Sisi wa Tabora tumezoea kuisimulia njia ya misafara kwa kuelekea mashariki: kutoka Ujiji hadi Kwihara, kutoka Kwihara hadi Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani mwa Wanyamwezi na minyororo shingoni mwa mateka. Miembe iliyopandwa kando ya njia ile ingali ikitupa kivuli. Lakini kulikuwa na njia nyingine iliyoanzia huku kwetu ikashika kusini-magharibi, kulizunguka au kulivuka ziwa Tanganyika hadi Katanga, kwenye shaba. Katika njia hiyo alipita Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, na mwanawe aliyekuja kujulikana kwa jina la Msiri. Kama mwaka 1856 Msiri alikita makazi Katanga. Kwa akili, kwa bunduki na kwa ukatili alijifanyia ufalme mkubwa, makao yake yakiwa Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke, ambao wazao wao wako huko hata leo.

Msiri hakutaka kutegemea wafanyabiashara wa pwani ya mashariki peke yao. Alifungua mlango kwa misafara ya Waovimbundu kutoka Bihé, katika nyanda za juu za Angola, ambao waliuza bidhaa zao bandarini Benguela kwenye bahari ya Atlantiki. Wao walileta baruti, bunduki na nguo. Yeye alitoa pembe, shaba, na watu. Mmisionari Frederick Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, aliingia kwa njia hiyo hiyo ya Benguela na Bihé. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa askari uliotumwa na dola ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na ufalme wake ukaanguka, lakini njia ya kuelekea Benguela haikufa pamoja naye. Mwandishi Mwingereza Henry Nevinson aliifuata mwaka 1904 na 1905, kutoka pwani hadi ng'ambo ya Bihé, katika pori ambalo wasafiri waliliita nchi ya njaa. Alikuta mifupa ya watu kandokando ya njia, na pingu za mbao zimetupwa au zimetundikwa mitini, maana mtumwa akishavuka pori lile hakuwa tena na mahali pa kukimbilia. Kisha Nevinson akapanda meli pamoja na shehena ya watu hao mpaka São Tomé.

Basi mtu wa upande huu wetu, mzaliwa wa nchi jirani na hapa Kitete, alikuwa mmoja wa walioipa uhai barabara ile. Twalitaja hili kwa sababu tumezoea kuweka dhambi yote ya utumwa juu ya Mwarabu na Mzungu, tukajisahau sisi wenyewe. Na wakati ambapo Kardinali Lavigerie alihubiri dhidi ya utumwa huko Paris, London na Brussels mwaka 1888, huku mapadre wake wakiwa wamekusanya watoto waliokombolewa hapa Kipalapala, masikio ya Ulaya yalielekezwa zaidi kwenye misafara ya upande wetu wa mashariki. Upande wa Atlantiki meli ziliendelea kupakia watu wenye vibati shingoni.

Je, wenye viwanda walijua? Twaweza kujibu kwa miaka, kwa maana mambo yote yalikuja kufunuliwa mahakamani. Mwaka 1901 William Cadbury alipata habari za utumwa wa São Tomé, na mwaka huo huo akaona tangazo la kuuzwa kwa shamba kisiwani humo ambamo wafanyakazi waliorodheshwa pamoja na mali nyingine za shamba. Mwaka 1903 alisafiri hadi Lisbon kuwauliza Wareno, akaahidiwa kwamba sheria mpya italeta mabadiliko. Mwaka 1905 viwanda vilimtuma Rafiki mmoja, Joseph Burtt, akachunguze. Huyo akajifunza kwanza Kireno, akazunguka visiwani na Angola, akarudi mwaka 1907 na taarifa iliyothibitisha yale ambayo Nevinson alikwisha yachapisha mwaka 1906. Serikali ya Uingereza ikasihi watu wawe na subira. Ilikuwa na sababu zake: machimbo ya dhahabu ya Transvaal yalitegemea vibarua kutoka Msumbiji, na Msumbiji ilikuwa mkononi mwa Mreno huyo huyo. Mwaka 1908 William Cadbury alikwenda mwenyewe. Ndipo mwezi wa Machi 1909 Cadbury, Fry na Rowntree wakatangaza kwamba hawatanunua tena kakao ya São Tomé. Kutoka 1901 hadi 1909 ni miaka minane. Muda wote huo magunia yaliendelea kuingia.

Kabla ya tangazo hilo, mwezi wa Septemba 1908, gazeti la Standard la London lilikuwa limeandika kwa kejeli juu ya wema wa Cadbury kwa wafanyakazi wake weupe na ukimya wake juu ya weusi waliomvunia kakao. Gazeti hilo lilikuwa la upande mwingine wa siasa, na halikuandika kwa kuwaonea huruma Waafrika. Cadbury walishitaki kwa kuchafuliwa jina. Mwishoni mwa mwaka 1909 baraza la wazee wa mahakama ya Birmingham liliamua kwamba ni kweli wamechafuliwa, likaagiza walipwe fidia ya robo ya peni moja. Kila mtu Uingereza alielewa maana ya robo ile ya peni.

York waliwaachia Birmingham kuongoza katika jambo hilo lote, na kwa sababu hiyo jina la Rowntree halikupakwa tope mahakamani. Sisi hatuoni kwamba hilo linawapunguzia chochote. Ghala lao lilipokea kakao ya mahali pale pale.

Wasomaji wetu wataona kwamba hatuwaiti wanafiki. Wema wao ulikuwa wa kweli, na hoja zao za kuchelewa zilikuwa hoja ambazo hata mtu mwenye dhamiri angeweza kuzitoa: tukiacha kununua, wengine watanunua, tukibaki wanunuzi, tutasikilizwa, tusubiri kwanza uthibitisho kamili. Kosa lao liko mahali pengine. Walijua jina la kila msichana aliyefunga chokoleti katika makaratasi, walijua anakula nini na analala wapi, na kipimo hicho cha haki wakakiishiza kwenye lango la kiwanda. Ng'ambo ya lango kulikuwa na bei ya soko, na bei ya soko haina jina la mtu. Seebohm Rowntree aliyeweza kukueleza mjane fulani wa York amebakiwa na peni ngapi siku ya Alhamisi, hakuwa na daftari la mtu wa Bihé.

Baada ya mwaka 1909 viwanda viligeukia Pwani ya Dhahabu, ambayo ndiyo Ghana ya leo, kwa wakulima wadogo Waafrika waliopanda kakao katika mashamba yao wenyewe. Nchi ile ikawa ya kwanza duniani kwa kakao katika muda mfupi sana. Huo ulikuwa mwendo bora kwa kila hali. Hata hivyo mkulima aliye huru naye ana mahali pa kubanwa, na mahali hapo ni kwenye mizani. Mwaka 1937 makampuni ya Ulaya yaliyonunua karibu kakao yote ya nchi ile, Cadbury likiwamo, yalipatana yasishindane tena kwa bei. Wakulima na machifu wao wakapatana nao pia: wakaifungia kakao majumbani, wakakataa kuuza tangu mwisho wa mwaka 1937 hadi Aprili 1938, na wengine wakaichoma moto hadharani. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda tume ya uchunguzi. Wanaushirika wetu wa tumbaku wangefaidika kuisoma historia ile, maana wale walishikamana miezi mingi bila kuwa na ghala la maana wala benki.

Kiwanda cha York kiliendelea kustawi. Mwaka 1935 kilitoa ile chokoleti ya vijiti inayojulikana dunia nzima kwa jina la KitKat. Mwaka 1988 kampuni ya Nestlé ya Uswisi ilikinunua kwa zaidi ya paundi bilioni 2.5, ingawa wafanyakazi na watu wa mji walipinga kwa maandamano. Mwaka 2006 yalitangazwa mapunguzo ya kazi zaidi ya 600, na utengenezaji wa peremende za Smarties ukahamishiwa Ujerumani. Afrika ya Mashariki nayo imeonja adha hiyo: mwaka 2014 kiwanda cha Cadbury cha Nairobi kilifungwa na wenyewe wa ng'ambo, na wafanyakazi kama 300 wakapoteza kazi. Aliye mbali hufunga kiwanda kwa barua.

Joseph Rowntree alikuwa ameacha sehemu kubwa ya mali yake katika mifuko ya wakfu kwa ajili ya kupambana na umaskini na vita, na taasisi hizo zipo mpaka sasa. Mwaka 2021 zilikiri hadharani kwamba utajiri ulioziunda ulichangiwa na kazi ya watumwa na ya kulazimishwa, na tena kwamba kampuni tanzu ya Rowntree huko Afrika Kusini iliwatendea wafanyakazi weusi kwa ukandamizaji katika miaka ya 1980. Kukiri huko kulikuja miaka mia moja na kumi na miwili baada ya robo ya peni ya Birmingham. Twakupokea kwa heshima.

Wala tusidhani mambo ya kakao yamekwisha. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia sahihi mapatano ya kukomesha kazi mbaya kabisa za watoto katika mashamba ya Ghana na Côte d'Ivoire, yakajiwekea mwaka 2005 kuwa mwisho. Mwaka ulipita. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria watoto 1,560,000 wanaofanya kazi katika kakao ya nchi hizo mbili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliwakatalia Wamali sita waliodai kwamba walipokuwa watoto walitumikishwa mashambani Côte d'Ivoire. Hawakuambiwa kwamba wanasema uongo, waliambiwa kwamba mambo yenyewe hayakutendeka katika nchi ya Marekani. Lango lile la kiwanda lingali limesimama. Kwetu Tanzania kakao inalimwa hasa Kyela, na karibu yote husafirishwa ikiwa mbegu kavu. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipopanda hata kupita dola 10,000 kwa tani, wakulima wa huko walionja utamu wa kakao kwa mara ya kwanza katika maisha yao, bila kulamba chokoleti.

Sasa tuje kwenye tumbaku yetu.

Tumbaku ya mkoa huu ina historia yake ya huzuni. Urambo palikuwa mahali pamojawapo pa ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947 na kuanguka vibaya ndani ya miaka michache; mashamba yaliyobaki yakageuzwa kuwa ya tumbaku, na zao hilo likaenea kote. Tunalia kila mwaka kuhusu wanunuzi. Madaraja hupangwa chini, malipo huchelewa, mkopo wa mbolea hukatwa kwanza, sigara zenyewe hutengenezwa mbali nasi. Malalamiko hayo ni ya haki, na tumepata kuyaandika katika kurasa hizi. Lakini je, ng'ambo ya mkulima hakuna mtu mwingine?

Yuko. Ni kijana aliyetoka Kigoma au mkoa mwingine wa jirani, aliyeletwa kwa gari la mizigo mwanzo wa mvua kwa ahadi ya mdomo. Anajenga kibanda pembezoni mwa shamba la tajiri wake. Anapiga matuta, anapalilia, anakata maua, anachuma majani yenye umande ambayo sumu yake hupenya ngozini ikamtia kizunguzungu na kutapika, anakata kuni, anakesha akichochea moto wa bani. Chakula anachokula huandikwa deni. Mshahara wake atapewa tumbaku ikishauzwa, baada ya wanunuzi, baada ya mkopo wa pembejeo, baada ya makato ya chama, baada ya tajiri kutatua shida zake mwenyewe. Wengine hulipwa kama walivyoahidiwa, na twawapongeza wakulima wa namna hiyo. Wako katika kila parokia. Wengine hupewa nusu, au nauli tu, au hufukuzwa kwa kusingiziwa wizi wiki moja kabla ya soko. Wapo pia watoto, wa wenye mashamba na wa vibarua, ambao miezi ya kuchuma huwakuta kwenye vijiti vya kufungia majani hali wenzao wako darasani.

Hoja zinazotolewa twazijua. Mkulima mwenyewe amebanwa, atamlipaje mwenziwe? Nikimkataa, jirani atamchukua. Ngoja bei itengemae. Ni zile zile zilizotolewa Birmingham na York, isipokuwa kule zilitoka vinywani mwa matajiri wa kweli, na kwetu zinatoka kwa mtu ambaye pengine naye hana bati juu ya nyumba yake. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi hatuifumbii macho. Haimfanyi kibarua ashibe. Wala sheria ya nchi haimsubiri mnunuzi wa tumbaku: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri kuandika masharti ya kazi.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista na wajumbe wa halmashauri za walei, wengi wenu ni wakulima wa tumbaku, tena ni wanachama wa vyama vya msingi. Kabla ya mvua za kwanza twaomba kila jumuiya ikae jioni moja na kuandika ni vibarua wangapi walifanya kazi katika mashamba ya wanajumuiya msimu uliopita, walitoka wapi, waliahidiwa nini na wakaondoka na nini. Waliodhulumiwa, kama bado wapo kijijini, waitwe wasikilizwe, na jambo lao lisemwe kwa tajiri kwa upole kabla ya kupelekwa serikalini. Vyama vya msingi viombwe kutenga malipo ya vibarua katika hesabu ya mauzo kama vinavyotenga mkopo wa mbolea. Watoto wa umri wa shule walioko mashambani waandikwe kwa idadi, na mwalimu mkuu apewe habari.

Kwa vibarua wa msimu ujao, jina la kila mmoja liandikwe, na umri wake, na kiasi kilichopatanwa, na tarehe ya kulipwa. Mkataba uwe kwa Kiswahili chepesi, usomwe kwa sauti mbele ya shahidi aliyechaguliwa na kibarua mwenyewe, na nakala moja abaki nayo yeye.